Jamani, Mwacheni Mwenye Klachi Apumue

Wanaosema Dodoma ni tambarare wanaendesha otomatiki. Ukiwa na gari la gia za mkono, kila mwinuko wa jiji hili unaujua kwa jina, hata ule ambao mwenda kwa miguu hauoni. Achana na kilima cha Mlimwa, achana na kupanda chuoni UDOM. Mlima wenyewe ni pale mtaa wa vumbi unapokutana na lami. Lami wameijenga juu, mtaa umebaki chini, mvua za Januari zimekula udongo wa katikati, imebaki ngazi ya changarawe. Na ni hapohapo lazima usimame, pua ya gari ikitazama mawingu, uangalie kulia bodaboda, kushoto bajaji, kulia tena kosta, ndipo uingie. Ukipata upenyo wa sekunde tano, shukuru Mungu.

Sasa hapo ndipo anakuja mtu nyuma na kigari chake cha otomatiki, anakusogelea mpaka kwenye kioo unaona anatafuna nini. Ndugu yangu, hili gari likiachiwa breki linarudi nyuma. Si bovu, ndivyo lilivyoumbwa. La kwako ukiliweka D linajivuta lenyewe, unaachia breki linasogea huku unasoma meseji. La huku linataka miguu miwili, mikono miwili na huruma ya jirani. Mita mbili tu. Mbona kwenye foleni ya benki unaacha nafasi?

Na usidhani hatujui kazi. Kuondoka kwenye mwinuko bila kurudi hata inchi kuna utaratibu wake. Hendibreki juu. Klachi, ile pedeli ya kushoto inayotenganisha injini na magurudumu, chini mpaka mwisho, gia namba moja. Mguu wa kulia unatoka kwenye breki unakwenda kwenye pedeli ya mafuta, kidogo tu, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukae kati ya 1,500 na 2,000. Kama gari halina mshale huo, injini iungurume kidogo kuliko ilivyokuwa inapumua. Kisha klachi inapanda taratibu mpaka usikie sauti ya injini inazama na boneti inanyanyuka kidogo. Hapo mguu wa kushoto ugande. Usiinue, usishushe. Ndipo unaachia hendibreki, gari linaanza kwenda, unaongeza mafuta, unamalizia klachi. Mwenye mazoezi anamaliza yote hayo ndani ya sekunde tatu. Tatizo ni kwamba sekunde ya kwanza tu honi imeshapigwa, na honi ikipigwa mguu wa kushoto unaruka wenyewe, injini inazima, na sasa honi ni nne.

Halafu kuna hendibreki zetu. Kwa gari lisilo bovu, mkono wa hendibreki ukivutwa unalia meno kati ya matano na manane, gari limesimama. Za mitaani zinavutwa mpaka karibu na dari na gari linaendelea na safari yake. Waya umelegea, au viatu vya breki za nyuma vimekwisha, na fundi mzuri analimaliza asubuhi moja. Lakini mwenye gari atakwambia hendibreki haina kazi Dodoma kwa sababu Dodoma ni tambarare. Huyohuyo ndiye anayelining'iniza gari kwenye mwinuko kwa klachi: mafuta kidogo, klachi nusu, gari halipandi halishuki, anajiona fundi. Kinachotokea chini ya miguu yake ni kwamba flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inazunguka, pleti ya klachi, sahani inayopeleka nguvu kwenye gia boksi, inazunguka polepole zaidi au imesimama kabisa, na viwili hivyo vinasuguana kwa moto. Hata ile harufu kama ya kandambili iliyoangukia kwenye jiko la mkaa, ukimuuliza, anasema inatoka kwenye lori la mbele.

Tuje kwenye foleni. Dodoma hii ilikuwa na foleni ya kuku na mbuzi. Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, na mji ukawa jiji mwaka 2018, magari yakaja na wenyewe. Asubuhi barabara ya Morogoro inaelekea Mtumba kwenye ofisi za Serikali, jioni inarudi, na Bunge la bajeti likikaa, kuanzia Aprili mpaka Juni, ongeza mara mbili. Vipilefti vilevile.

Foleni ya kusogea-simama inaua klachi kuliko mlima. Mlima unaondoka mara moja, umemaliza. Kwenye foleni unaondoka kila baada ya mita nne, na kila kuondoka ni msuguano. Dawa yake inajulikana: acha nafasi mbele. Ngoja wenzako wasogee, nafasi ifike urefu wa magari mawili, kisha ondoka na gia moja, inua klachi yote mpaka juu, mafuta usiguse. Injini kwa pumzi yake tu italivuta gari kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na hapo klachi haisuguliwi kabisa. Utajikokota hivyo wakati wenzako wanashtuka na kusimama, na mara nyingi utawakuta hujagusa breki.

Dawa nzuri sana, na Dodoma haifanyi kazi. Ukiacha nafasi ya magari mawili zinaingia bajaji tatu, bodaboda mbili na kijana wa zabibu. Bajaji ya kwanza inaingia kwa adabu, taa imewaka. Ya pili inaingia kwa sababu ya kwanza imeingia. Ya tatu hata haikuoni. Na aliye nyuma yako anapiga honi: "Sogea wewe, unalala?" Silali, mzee, natunza pleti! Kijana wa zabibu naye ameshika dirisha anataka hela mkononi, wakati mkono wa kulia uko kwenye usukani na wa kushoto kwenye gia. Mwenye otomatiki yuko pembeni, ananunua kilo, anaonja kwanza.

Msafara wa viongozi nao ukipita ndiyo kabisa. Trafiki ameinua mkono, barabara imefungwa, na hakuna anayejua ni dakika ngapi. Utaona madereva wameikanyaga klachi mpaka chini, gia moja imeingia, wanasubiri kama wakimbiaji. Mguu unaanza kutetemeka, goti linauma, na beringi ya klachi, ile inayosukumwa na pedeli, inazunguka imebanwa muda wote huo. Toa gia, vuta hendibreki, weka miguu chini, salimiana na jirani. Afande akishusha mkono utakuwa na muda wa kutosha wa kuingiza gia, maana wa mbele yako bado anatafuta ufunguo.

Klachi haifi ghafla, huwa inaaga. Kwanza pedeli inashikia juu sana, karibu uachie yote ndipo gari liondoke. Kisha kwenye mwinuko injini inapiga kelele, mizunguko inapanda, mwendo haupandi. Ukitaka uhakika, simama pa tambarare, hendibreki juu kabisa, mbele pasiwe na mtu, ingiza gia namba tatu, mafuta kidogo, kisha inua klachi. Nzima itazima injini palepale. Injini ikiendelea kuzunguka kana kwamba hujafanya kitu, anza kuweka akiba. Na pima mara moja tu, siyo umwite kila jirani aje kuona.

Lakini kabla ya kununua, fundi aangalie pedeli. Inatakiwa icheze bure kidogo kabla ya kukaza, kwenye magari mengi madogo ni kati ya milimita 5 na 15. Isipocheza kabisa, klachi inakuwa imekanyagwa nusu hata kama mguu uko nyumbani. Kwa klachi inayosukumwa na mafuta, pedeli ikizama na gia zikalia kuingia, mara nyingi hiyo siyo pleti: ni masta silinda, pampu iliyo kwenye pedeli, au silinda ndogo ya chini kwenye gia boksi, inavuja, au kuna upepo kwenye bomba. Unaongeza mafuta ya breki, unatoa upepo, unatafuta panapovuja. Watu wameshusha gia boksi kwa ajili ya kitu kilichotaka spana namba kumi na chupa ndogo ya mafuta hayo ya breki, DOT 3. Na ikibidi kuishusha kweli, pleti, presha pleti inayoibana na beringi vinabadilishwa pamoja, flaiwili ikaguliwe kama inahitaji kukerezwa, na sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili ya injini, isisahaulike. Ikivuja, pleti mpya italowa oili na itateleza kama ya zamani. Ukibadilisha pleti peke yake ili kubana matumizi, utalipa tena ufundi wa kushusha, na fundi atakupokea kwa tabasamu.

Wanaosafiri nao wana vituko vyao. Anatoka Iringa, anashuka Nyang'oro kuja Mtera, au anatoka Singida anashuka Sekenke kwenda Igunga, ameachia frii, gia ameitoa. Eti anaokoa mafuta. Injini za siku hizi, ukishuka gia ikiwa ndani na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inafunga mafuta kabisa. Ukiweka frii inabidi iendelee kuyachoma ili isizime. Yaani anatumia zaidi ili apate ajali. Gari limebaki na breki peke yake, breki zinachemka, mafuta ya breki nayo yanachemka, pedeli inakuwa laini, na abiria wote wanakuwa walokole. Pangua gia kabla hujaanza kushuka, siyo katikati ya kona: namba tatu, pakikaza namba mbili. Kanyaga breki kwa nguvu, punguza mwendo, achia, ipoe. Usiibembeleze kutoka juu mpaka chini.

Kupanda hapo nako ukingoja injini igongegonge ndipo upangue, umechelewa. Na ukumbuke Dodoma yenyewe iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuishindilia hewa, imepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hata hujapakia watu. Bei ya mafuta haikupunguzwa kwa sababu hiyo.

Faida? Zipo mbili. Betri ikifa asubuhi, gari la gia za mkono linasukumwa. Swichi iwashwe, klachi chini, gia namba mbili, kwa sababu namba moja inakaba matairi. Wasukume mpaka wafike mwendo wa kukimbia, achia klachi kwa mara moja, ikishika tu kanyaga tena. Vijana watatu wanatosha, ingawa watakuja wanane na wote watadai ya soda.

Nyingine ni kwamba shemeji akija kuazima gari la kupeleka watu harusini Kondoa, ukimwambia ni la gia za mkono anakumbuka kwamba basi nalo lipo. Hatari ni yule anayesema, "Hilo ndilo nililojifunzia, kaka, lete ufunguo." Huyo mwangalie mguu wa kushoto anapotoka getini. Ukiuona umepumzika juu ya pedeli ya klachi, unaisugua bure, wakati gari linatembea, kimbia ukamsimamishe kabla hajafika kwenye lami.