Kaveera Tumboni

Busia mtu akikimbia hukai kuuliza kuna nini. Unakimbia kwanza, habari utaipata mbele ya safari. Nimezaliwa hapa Sofia, mtaa wa Busia ya upande wa Uganda, na nimekulia hapa, sheria hiyo naijua kuliko wimbo wa taifa. Lakini ukikaa sana Kampala, ukifundisha wanawake wa Ntinda kuruka huku wakijitazama kwenye kioo, mambo ya mpakani yanakutoka kichwani.

Kilichonirudisha nyumbani ni mambo mawili. Jimu niliyokuwa nafundisha ilifungwa, mwenye jengo akawapangisha watu wa kuuza vigae. Halafu mchumba wangu akaenda kwanjula, kujitambulisha ukweni. Si kwetu. Nilimwona kwenye stetasi ya WhatsApp ya rafiki yake, kavaa kanzu na koti, kaketi mbele ya wazee nisiowajua, vikapu vya zawadi vimejaa uani. Gomesi yangu mimi, gauni la kuvaa siku kama hiyo, ilikuwa bado kwa fundi, nusu nimeshalipa. Nikafungasha spika, kamba na filimbi, nikapanda taksi ya Busia.

Mama alinipokea kwa swali moja tu: "Na gomesi?"

Nikamwambia fundi kakataa kurudisha pesa. Akaguna, akanipakulia posho, ugali wetu, na dagaa, na habari za mchumba zikaishia hapo. Mama ni mfanyabiashara wa dagaa, vitu vilivyokufa havimshtui.

Darasa nililianzia uani kwetu, asubuhi, kabla hajaanika. Mikeka tuliyolalia kufanya mazoezi ya tumbo ilikuwa ile ile ya dagaa, kwa hiyo mtu akimaliza alikwenda zake kapungua kidogo na kanukia ziwa zima. Ada niliweka shilingi 2,000 za Uganda au 70 za Kenya, maana hapa zote zinatembea, na hakuna mwanamke wa soko asiyejua leo shilingi inabadilishwa vipi. Wengine walilipa nusu hii nusu ile, wakadai chenji.

Wanafunzi wangu wa mwanzo ndio hao hao mpaka leo. Hajati anauza vitenge, mnene wa heshima zake. Nalongo anauza mayai. Mama Chapati ana kibanda cha roleksi, chapati za kukunjia mayai, karibu na stendi. Wengine waliletwa na hao watatu, kwa hiari au kwa deni.

Kuna kipimo tunachowapa watu wa mazoezi. Ukienda mwendo wa wastani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Ntinda kilifanya kazi vizuri sana. Hajati alikiharibu siku ya kwanza. Anaruka, jasho linamdondoka hadi kwenye kope, na bado anasimulia kesi ya shamba la marehemu mumewe, kuanzia kwa mwenyekiti wa LC, yaani wa mtaa, hadi rufaa. Nikamwambia aongeze kasi. Akaongeza, na mashahidi wakaongezeka.

Nikasema basi kila mtu aje na raba. Nalongo akaniuliza raba za nini, wakati Mzee Museveni mwenyewe, Aprili 2020 watu wamefungiwa majumbani, alijirekodi ofisini akikimbia peku na kupiga pushapu 30, akiwa na miaka 75. Hapo huna la kusema. Nalongo aliendelea kuja na kandambili, na miguu ikimpata joto alizivua akanipa nizishike. Mimi, ticha.

Mambo ya kaveera, mifuko ya nailoni, yaliletwa na Mama Chapati. Alikuwa amesikia kwa ndugu yake wa Mbale kwamba ukijifunga nailoni tumboni wakati wa mazoezi, kitambi kinayeyuka. Nikawakalisha chini nikawaeleza vizuri. Kinachotoka ni maji. Mzani utasema umepungua, utakunywa chai vikombe viwili, na yamerudi yote. Mafuta ya mwilini hayatoki kwa njia ya ngozi. Tena ni hatari, jasho ndilo linalopoza mwili, ukilizibia njia na jua hili letu utaanguka. Walinisikiliza kwa adabu zote. "Ndiyo, ticha." "Kweli kabisa, ticha."

Kesho yake nikawasha muziki, tukaanza kuruka, nikasikia *kwacha*. Nikazima muziki. *Kwacha, kwacha, kwacha.* Uani mzima. Hajati ndiye aliyekuwa kazidi: alichana kaveera nyeusi, zile kubwa za kubebea mzigo wa jumla, akajizungushia kuanzia kifuani hadi nyongani, akakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, juu akavaa dera. Nikainua dera kidogo nione. Nikaishusha.

Nilibishana nao wiki hiyo yote, nikachoka. Mwanamke aliyepata shilingi zake mwenyewe kwa kuuza mayai humwambii tumbo lake afanye nalo nini.

Jumamosi tukaenda kukimbia. Njia niliipanga mimi: kutoka nyumbani, pembeni ya soko, kuelekea Arubaine, na kurudi. Yote Uganda. Ila mpaka wenyewe huku mitaani kwetu si ukuta wala waya. Kule kwenye lami ndiko kuna kituo kikubwa, kile walichokizindua Museveni na Kenyatta Februari 2018, malori yamepanga foleni na kila kitu ni karatasi. Huku nyuma ni kinjia, mtaro, nyumba za watu, na kuku wanaokula Uganda na kutaga Kenya.

Hajati alikuwa mbele, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpita. Mimi nyuma, kumwangalia atakayezidiwa, na kandambili za Nalongo mkononi. Tulikubaliana filimbi moja ndefu ni kuongeza kasi, mbili fupi ni kutembea. Tulipofika penye kichochoro kinachoshuka mtaroni nikaona wanakwenda vizuri, nikapuliza moja ndefu.

Sasa fikiria. Saa moja asubuhi, njia ya panya, filimbi. Kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja vijana na mitungi ya njano ya mafuta ya kupikia, wengine na magunia ya mchele juu ya baiskeli. Walisimama kama sekunde moja. Halafu mitungi chini, baiskeli chini, wakageuza kurudi Kenya. Mama wa nyanya aliyewaona akafunika nyanya na kuondoka na beseni. Mwenye duka akashusha mlango akiwa ndani na mteja. Boda boda wawili wakawasha pikipiki bila abiria.

Na Hajati, ambaye vitenge vyake sijawahi kumuuliza vinapitia wapi, hakuhitaji kuelezwa. Alikunja dera akachomoka. Tangu darasa lianze nilikuwa nambembeleza apandishe magoti, hayapandi. Siku hiyo yalipanda hadi kifuani. Darasa zima likamfuata.

Nikapuliza mbili fupi, watembee. Kumbe kwa mtu anayewakimbia watu wa ushuru, filimbi mbili maana yake wameongezeka. Wakaruka mtaro. Nalongo aliruka peku, na nitasema ukweli, kwa ufundi mzuri kuliko wote.

Hivyo ndivyo darasa langu lilivyoingia Kenya.

Ng'ambo ya mtaro kuna barabara ya vumbi, na kwenye barabara hiyo alikuwa amesimama afande mmoja wa upande wa pili, kitambi kimekaa juu ya mkanda, kikombe cha chai mkononi. Vijana wa mitungi walimpita kushoto na kulia. Akawaacha. Alikuwa amesikia kitu kingine kinamjia: *kwacha, kwacha, kwacha.*

Kenya walipiga marufuku mifuko ya nailoni tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inafika shilingi milioni 4 za kwao, au kifungo hadi miaka 4. Kwetu nako sheria inazikataza zile nyembamba, lakini muulize Mama Chapati roleksi anafungia nini. Basi kaveera ikawa magendo kama magendo mengine. Watu wanajifunga nazo kiunoni, juu dera, wanavuka wakitembea kama wajawazito. Afande wa mpakani sauti hiyo anaijua hata usingizini.

"Simama hapo, mama," akamwambia Hajati. "Tumboni una nini?"

"Mafuta," Hajati akajibu, anahema.

Afande akaweka chai chini. "Lita ngapi?"

"Ni ya kwangu mwenyewe, afande. Nayayeyusha."

"Unayayeyushia wapi?"

"Si hapa hapa tumboni!"

Mimi ndio nafika, filimbi mdomoni. Afande akamwita mwenzake mwanamke, wakawapeleka wanafunzi wangu nyuma ya kibanda mmoja mmoja. Wa kwanza Hajati. Tulisikia mpira wa tyubu unafyatuka, halafu nailoni inazungushwa, inazungushwa, inazungushwa, halafu maji yakamwagika na yule dada akapiga yowe. Alitoka na furushi jeusi kalishika kwa vidole viwili, viatu vimelowa. Akalibwaga barabarani. Furushi likafuata furushi hadi kikawa kichuguu kinachofuka mvuke.

"Mzigo huu ni wa nani?" afande akauliza.

Wanawake hawa nimewapa mkopo wa ada. Nimewashikia viatu. Bila hata kutazamana, wote wakaninyooshea kidole.

"Wa ticha."

"Wewe ndiye mwenye mzigo?"

"Mimi mwalimu, afande."

"Wa shule gani?"

"Wa mazoezi."

Akaniangalia kuanzia kichwani, akafika kwenye zile kandambili za mtu mwingine mkononi mwangu, akakaa hapo. "Magendo yote niliyoona hapa," akasema, "hii ya mwalimu bado ilikuwa haijaletwa." Kisha akakunja mikono. "Haya. Kama ni mwalimu, fundisha."

Sikuwa na spika. Sikuwa na kibali cha kufanya kazi Kenya. Nikapuliza filimbi, nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, chuchumaa, simama. Watu wakajaa: wa boda, watoto wa shule, mteja aliyefungiwa dukani kaja na mkate wake. Hajati, akiwa hana nailoni tena, alikuwa mwepesi ajabu, na alikuwa amesharudi kwenye kesi ya shamba, safari hii anamsimulia yule dada mwenye viatu vilivyolowa. Mama Chapati akapanga watoto mstari wa nyuma. Tulipofika kwenye kuruka na kupiga makofi juu, umati mzima ulikuwa unaruka, na afande anasahihisha waliokosea hesabu.

Huko nyuma ya mgongo wake, vijana wa mitungi walirudi kwa kunyata. Wakainua mafuta, wakainua mchele, wakasimamisha baiskeli zao, wakavuka mtaro mmoja mmoja kuingia Uganda. Wa mwisho alinipungia mkono. Mimi niliwaona wote. Sikusema kitu, nilikuwa nahesabu.

Tulipomaliza afande alijifuta uso kwa leso. Akatoa hukumu yake: mtarudi kwenu, kaveera zinabaki, ni ushahidi. Akaomba namba yangu ya simu kwa ajili ya ripoti. Halafu akanivuta pembeni, sauti imeshuka.

"Hii ya nailoni," akasema, "kweli inapunguza?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza wengine: maji, mzani, chai, yamerudi. Akawa anatikisa kichwa kuonyesha anaelewa, huku anatazama furushi la Hajati.

"Ndiyo, ticha," akasema.

Habari ilikuwa imeshafika nyumbani kabla yetu, tena imenona njiani. Mama alikuwa amesikia nimekamatwa na mzigo wa milioni 4, akaniuliza ni shilingi za Kenya au za Uganda. Nilipomwambia za Kenya, nadhani aliniheshimu kidogo kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Wiki iliyofuata uani hapakutosha. Walikuja wanawake wa Marachi, walikuja walimu wa shule ya msingi, akaja na mmoja wa vijana wa mitungi, eti mgongo unamsumbua. Dagaa wakahamishiwa juu ya paa.

Na akaja afande. Alivuka kwa njia halali, kitambulisho mkononi, traksuti mpya ambayo lebo yake bado inaning'inia shingoni. Akanilipa shilingi 70 za Kenya na kudai risiti. Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya bei za dagaa. Nikamweka mstari wa mbele karibu na Hajati, nikawasha muziki, tukaanza taratibu kupasha mwili, mabega, kiuno, halafu nikasema turuke.

*Kwacha.*

Nikamgeukia Hajati kwa hasira. Hajati akainua mikono yote miwili, dera limemkaa tumboni bila kitu. Nikamtazama Mama Chapati, naye akatikisa kichwa.

*Kwacha, kwacha, kwacha.*

Afande alikuwa anatazama mbele, mkavu, anaruka kwa hesabu zake.

"Afande," Hajati akasema bila kupunguza kasi, "lita ngapi?"