Wakurugenzi Wawili na Ndoo ya Vifaranga

Mimi huuza chakula cha samaki hapa Kisumu, na kwa muda mrefu wateja wangu walikuwa wafugaji wa vidimbwi vya nyuma ya nyumba, wanaochukua kilo mbili kwa mkopo na kuahidi kulipa samaki wakikomaa, iwapo ndege hawatawatangulia. Kijana mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, kule Kondele ndiye aliyenishawishi kwamba shida yangu ni kutojulikana. Watu wenye pesa, alisema, hawakutani tena sokoni bali LinkedIn, mtandao uliofunguliwa mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26. Je, nilidhani fedha zote hizo zilitolewa kwa ajili ya mahali pasipo na wateja? Nilikosa jibu, nikamlipa aniandikie wasifu.

Ieleweke kwamba kampuni yangu ina mfanyakazi mmoja, ambaye ni mimi, pamoja na shemeji yangu anayebeba magunia siku ambazo mgongo haumsumbui. Kijana alipomaliza kuandika, nilikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa "suluhisho jumuishi za ufugaji wa samaki katika Ukanda wa Ziwa", nikiongoza "timu mahiri". Ili kupata picha tulipanda mashua Dunga hadi kwenye vizimba vya mzee mmoja, yale makimba ya nyavu yanayoelea ziwani ya kufugia samaki, ambaye kijana alinong'onezana naye pembeni kwa muda, kisha nikasimamishwa ukingoni mwa kizimba nikiwa nimevaa koti la suti la pale saiba juu ya jaketi la kujiokolea, mkono nimeunyosha kuelekea majini kana kwamba samaki wote wale huniita baba. Koti lenyewe halikuwa na kifungo cha kati.

Haikuchukua muda mrefu nikapokea ombi la kuunganishwa kutoka kwa mama mmoja, naye Mkurugenzi Mtendaji, aliyekuwa amesimama katikati ya vizimba vyake kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Mtandao ulinionyesha kwamba kuna mtu mmoja tunayefahamiana naye sote wawili, nami nikalichukua jambo hilo kuwa dhamana tosha. Nilivihesabu vizimba vilivyoonekana kwenye picha yake. Kizimba cha mita mbili kwa mbili huweza kubeba samaki wapatao 2,000, nao hulishwa kwa miezi sita hadi minane kabla ya kuvuliwa, na kila mfugaji atakwambia kwamba chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama zake. Nilifanya hesabu hiyo nyuma ya bahasha, nikairudia, kisha nikamwarifu mke wangu kwamba tunahamia Milimani.

Tuliandikiana kwa adabu kubwa. Mimi nilivutiwa na upana wa shughuli zao. Wao walitamani kuona namna tunavyoweza kukua pamoja. Hatimaye tukakubaliana kukutana katika hoteli ya samaki pale Dunga.

Mama alishuka kwenye tuktuk akiwa na ndoo yenye kifuniko, ambayo adabu ilinizuia kuiulizia. Mimi nilikuwa na chupa ya chakula kilichosagwa. Kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mgeni wake ni tajiri, na tajiri ndiye hulipa, tulihimizana kuagiza samaki mkubwa zaidi, ugali wa watu wanne na soda za kuongezea. Tulipokwisha kunawa mikono, nilikohoa kidogo na kumuuliza, "Mama, vizimba vyako hula magunia mangapi kwa mwezi?" Naye wakati uleule akawa ananiuliza, "Jaduong', vyako vitahitaji vifaranga wa samaki wangapi kwa kuanzia?"

Kila mtu alitoa simu yake. Kizimba kilikuwa kilekile, lile pipa la buluu lililopasuka lilikuwa palepale nyuma ya bega, na koti lake, lililomfika magotini, halikuwa na kifungo cha kati. Kuhusu yule mtu mmoja tunayefahamiana naye, hatukuwa na haja ya kuulizana.

Mama alifungua ndoo kwa unyonge. Vifaranga wa ngege, yaani tilapia, walikuwa wakizungukazunguka mle ndani, nami, kwa kukosa la kusema, nikawanyunyizia chakula changu kidogo. Walikula vizuri sana. Hiyo ndiyo biashara pekee iliyofanyika siku ile, na wala sikulipwa.

Bili ilipoletwa, sote tulishikwa ghafla na hamu ya kutazama ziwa. Tulikuwa bado tunalitazama alipotokea mzee wa vizimba mwenyewe, akiharakisha, mikono ameitanua. Kumbe kijana alikuwa amemnong'oneza kwamba watu anaowaleta kupigwa picha ni wawekezaji, naye alikuwa akitusubiri tangu siku ile. Alivuta kiti, akamwagiza mhudumu amletee samaki naye, akafungua daftari la kurasa 96 ambamo alikuwa ameorodhesha kwa mwandiko safi nyavu mpya, mapipa ya kuelea, injini ya mashua na mshahara wa mlinzi wa usiku. Alitusomea orodha yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza tungependa kuanza na lipi.

Mama alinitazama. Nilifunga chupa yangu, nikamwambia mzee kwamba suala lake litawasilishwa mbele ya bodi.