Ada ya dola 895 unailipa wewe, kadi haijilipi

Imerudi tena ile video. Si ileile, lakini zote ni moja: kijana ameshika kadi ya mkopo ya chuma, anaidondosha mezani tusikie mlio wake, kisha anatangaza kwamba ada ya mwaka ni dola 895 "lakini kadi hii inajilipa yenyewe". Chini yake foleni ya watu wanaoomba linki. Na linki ipo, bila shaka, kwa sababu video za aina hii hulipwa kwa kila mtu anayekubaliwa kupitia linki hiyo. Hilo husemwa kwa maandishi madogo, kama linasemwa.

Basi tufanye hesabu ambayo yeye haifanyi.

Mwaka 2025 benki ya Chase ya Marekani walipandisha ada ya kadi yao ya Sapphire Reserve kutoka dola 550 hadi 795. Miezi michache baadaye American Express (Amex) wakapandisha Platinum yao kutoka 695 hadi 895. Kila mmoja alikuja na orodha ya marejesho, yaani pesa unazorudishiwa ukinunua kwa kadi kwenye maduka fulani, ndefu kama bili ya harusi: Chase wakasema faida yake kwa mwaka inazidi dola 2,700, Amex wakasema inazidi 3,500. Ukilipa 895 upewe 3,500, jiulize hawa watu wanaishije.

Wanaishi kwa vipande. Ada inakatwa kwa mkupuo, mara moja, huna la kujadili. Marejesho yanakuja yamekatwakatwa kwa mwezi, kwa robo mwaka, kwa nusu mwaka, na kila kipande kina duka lake, sharti lake na tarehe yake ya kufa.

Chukua dola 200 za Uber kwenye Platinum. Kwanza si dola 200. Ni dola 15 kila mwezi, na Desemba 35. Inabidi uiingize kadi kwenye programu ya Uber, uchague kadi ya Amex wakati wa kulipa, na safari au chakula chenyewe kiwe ndani ya Marekani. Mwezi ukiisha, kilichobaki kimekwenda, hakihamii mwezi unaofuata. Mtu anayepanda Uber mara nne kwa mwaka, kila mara mwezi tofauti, anapata dola 60. Na yule anayeagiza baga ya dola 27 usiku wa tarehe 31 ili "asizipoteze" dola 15? Ametoa dola 12 mfukoni kwa chakula ambacho hakuwa na njaa nacho, na bahashishi ya dereva juu yake. Kisha anaandika kwenye jedwali lake: Uber, dola 200, zimetumika zote.

Endelea hivyohivyo chini ya orodha. Resy, programu ya kuhifadhi meza, dola 100 kila robo mwaka, kwenye migahawa iliyomo Resy tu. Lululemon, duka la nguo za mazoezi, dola 75 kila robo. Hoteli dola 300 kila nusu mwaka, ukilipia kupitia Amex, na zile za orodha yao ya Hotel Collection lazima ulale usiku usiopungua 2. Shirika la ndege dola 200, ila unachagua shirika moja, na pesa hizo ni za vitu kama ada ya begi, si za tiketi. Nusu ya marejesho haya hayaji hadi uingie kwenye akaunti ubonyeze kitufe cha kujiandikisha. Usipobonyeza kabla ya kununua, hupati kitu, na huduma kwa wateja watakusikitikia kwa adabu kubwa.

Ni kama mwajiri akulipe nusu ya mshahara kwa vocha za maduka aliyoyachagua yeye. Hutasema unapokea mshahara kamili.

Kwa nini wasitoe dola 200 kwa mkupuo, uzitumie unavyotaka? Kwa sababu watu husahau, na kila kipande kilichosahaulika kinabaki benki. Na kile kisichosahaulika kinakupeleka kwenye duka la mshirika wao, ambako mara nyingi unalipa zaidi ya kipande chenyewe. Hapo kuna ufundi, siwanyimi sifa zao.

Mfano mbaya kuliko yote ni rejesho la The Edit, orodha ya hoteli za kifahari za Chase, kwenye Reserve. Dola 500 kwa mwaka, kwa vipande viwili vya 250, hoteli inalipiwa kabla kupitia Chase Travel, tovuti yao ya safari, usiku usiopungua 2. Tuseme kawaida yako ni hoteli ya dola 150 kwa usiku. Siku mbili, dola 300. Sasa una "dola 250 za bure", kwa hiyo unachukua ya The Edit kwa dola 400 kwa usiku: 800, toa 250, umelipa 550. Umeokoa 250 kwa kutumia 250 zaidi. Kifungua kinywa kipo, ndiyo, na chumba ni kizuri. Lakini tusiite hiyo akiba.

Njia ya kupima ni hii. Fungua taarifa za akaunti zako za miezi 12 iliyopita, zile ulizozitumia kabla ya kuijua kadi. Kila rejesho kwenye orodha litafutie mahali ulipokwisha kutumia pesa hiyo, kwa mfanyabiashara huyohuyo, ndani ya kipindi hichohicho. Ukilikuta, liandike kwa thamani kamili. Ukikuta kitu kinachofanana lakini kwa mwingine, mathalani unakula nje sana ila si kwenye migahawa ya Resy, andika nusu, na hiyo ni huruma. Usipokuta kitu, andika sifuri. Si robo, si "nitaanza mazoezi mwaka huu kwa hiyo rejesho la gimu ya Equinox nihesabu kidogo". Sifuri.

Kwa Reserve, zipo dola 300 za safari ambazo ni karibu sawa na fedha taslimu: zinarudi zenyewe kwenye tiketi, treni, maegesho, ada za barabara, hata kwa ununuzi mdogomdogo. Hizo hesabu zote. 795 toa 300, umebaki na 495. Sasa hiyo 495 ndiyo bei ya kadi yako, na ndiyo namba ya kubishana nayo. Lyft (usafiri kama Uber) dola 10 kwa mwezi, StubHub (tiketi za tamasha na michezo) 150 kwa nusu mwaka, migahawa ya orodha yao 150 kwa nusu mwaka: zipitishe kwenye taarifa zako, uone zinakufa ngapi. Ukimwongeza mwenzako kwenye akaunti ni dola 195 nyingine, Chase na Amex vilevile.

Venture X ya benki ya Capital One, haya, nikubali kwa shingo upande: ada 395, rejesho 300 kwenye tovuti yao ya safari, na maili (ndizo pointi zao) 10,000 kila mwaka kuanzia unapotimiza mwaka wa kwanza, ambazo kwa uchache ni dola 100 za safari. Hesabu inafunga bila kuchezea namba. Tatizo ni hilo neno tovuti. Ukinunua tiketi kupitia kwao, siku ndege ikifutwa shirika linakuambia rudi kwa wakala wako, na wakala ni simu ya Capital One. Hoteli nyingi za minyororo mikubwa hazikupi pointi zao wala hadhi yako ya mwanachama kwa chumba kilichonunuliwa huko. Kwa hiyo tumia zile 300 kwa tiketi rahisi ya moja kwa moja, baada ya kulinganisha bei na tovuti ya shirika lenyewe, basi.

Launji za uwanja wa ndege? Watu wanachagua kadi kwa launji kana kwamba wanahamia humo. Centurion, launji za Amex, hawakuingizi mapema zaidi ya saa 3 kabla ya ndege yako, na tangu Februari 2023 mgeni wako analipiwa isipokuwa umetumia dola 75,000 kwa mwaka. Delta Sky Club kwa Platinum ni ziara 10 kwa mwaka tangu Februari 2025, tena uwe unaruka na Delta siku hiyo. Capital One nao wameondoa wageni wa bure mwaka 2026. Ukisafiri mara tatu kwa mwaka na watoto wawili, hiyo launji ihesabu kwa bei ya sandwichi na kahawa.

Kitu ambacho video hazikitaji kabisa ni bima, na ndicho peke yake kinachoweza kuifanya ada iwe na maana mwaka mmoja kati ya mitano. Reserve na Venture X zinatoa bima ya msingi ya gari la kukodi, yaani hulazimiki kuanza na bima yako binafsi. Lakini inafanya kazi tu ukikataa ile bima ya uharibifu wanayokuuzia kaunta, ukilipa gharama yote ya kukodi kwa kadi hiyo, na jina lako likiwa la dereva mkuu kwenye mkataba. Inalipia gari ulilokodi. Haimlipii uliyemgonga. Ya Platinum ni ya nyongeza, inakuja baada ya bima yako mwenyewe, na haifanyi kazi kabisa Australia, Italia na Nyuzilandi. Watu hukodi gari Italia kila kiangazi wakiamini wamefunikwa.

Bima ya kuchelewa ya Reserve: saa 6, au ukilazimika kulala njiani, hadi dola 500 kwa kila tiketi, kwa hoteli, chakula, mswaki. Dai hukwama kwenye makaratasi. Kabla hujaondoka kaunta omba shirika likuandikie sababu ya kuchelewa, au ipate kwenye tovuti yao siku hiyohiyo. Tunza kila risiti yenye mchanganuo, si ile karatasi ya kadi inayoonyesha jumla tu. Na tiketi iwe imelipwa kwa kadi hiyo au kwa pointi zake. Ukiilipia kwa kadi nyingine ili kutimiza matumizi ya bonasi ya kujiunga, bima umeiacha huko nyuma.

Pointi sasa, zile unazochuma kila unapolipa kwa kadi. Usimwamini mtu anayekwambia pointi ina thamani ya senti 2, nukta. Ina thamani ya kile ulichonunua nacho. Chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na ada unazolipa kwenye tiketi ya pointi, gawanya kwa pointi. Tiketi ya dola 640 inayopatikana kwa pointi 35,000 na dola 40: 600 gawanya 35,000, ni senti 1.7. Safi. Tiketi hiyohiyo kupitia British Airways inaweza kukubebesha mamia ya dola za ada ya mafuta, na hesabu ikaporomoka.

Cha maana zaidi ni sakafu: pointi zinakuwa na thamani gani siku umechoka kutafuta viti vya kulipiwa kwa pointi? Chase wanakupa senti 1 kwa fedha taslimu. Amex, ukilipia taarifa yako kwa pointi, senti 0.6. Capital One, fedha taslimu, senti 0.5. Kwenye Reserve ilikuwepo senti 1.5 ya uhakika ndani ya tovuti yao, wameiua na kuweka Points Boost, ambayo inapanda na kushuka kadiri wanavyoamua wao. Kwa walioomba kadi kabla ya mabadiliko hayo, pointi walizochuma kabla ya tarehe 26 Oktoba 2025 zinabaki na ile senti 1.5 hadi Oktoba 2027, kwa hiyo kama unazo, zitumie hizo kwanza. Kama hutaki kabisa kazi ya kuwinda viti, kadi ya asilimia 2 taslimu isiyo na ada itakushinda wewe na chuma chako, tena bila jedwali.

Na ukihamisha pointi kwenda shirika la ndege, hazirudi. Kamwe. Kitafute kiti kwanza, kione kwenye tovuti ya shirika lile utakalonunua nalo, ndipo uhamishe. Nyingi hufika papo hapo, lakini kwenda ANA ya Japani huchukua siku kadhaa, na kiti hakikusubiri.

Ukibeba deni, haya yote hayakuhusu. Dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 ni dola 60 kila mwezi. Hakuna launji inayofidia hilo.

Utaratibu wa kuomba nao una maana. Anza na Chase, kwa sababu ukishafungua kadi 5 za benki yoyote ndani ya miezi 24, kwa kawaida wanakukataa. Amex kwa kawaida wanakupa bonasi mara moja tu kwa kila kadi maishani, kwa hiyo usiichukue Platinum ofa ikiwa ndogo. Capital One huvuta ripoti yako kutoka ofisi zote tatu za kumbukumbu za mikopo. Miezi ya kutimiza matumizi ya bonasi inaanza siku unapokubaliwa, si siku kadi inapofika kwa posta, na ada yenyewe haihesabiwi kama matumizi.

Mwaka wa kwanza bonasi hufunika kila kitu, ndiyo maana kila mtu ni mtaalamu mwaka wa kwanza. Ada ya pili ikitua, una siku kama 30 za kuamua na kurudishiwa. Piga simu, uliza kama wana ofa ya kukubakiza. Kama hawana, Reserve omba ishushwe iwe Sapphire Preferred ya dola 95, pointi zako zinaendelea kuhamishika. Ukiishusha hadi Freedom, kadi yao isiyo na ada, bila kuwa na Sapphire nyingine, pointi zipo ila mlango wa mashirika ya ndege umefungwa. Na ukifunga Platinum huku huna kadi nyingine ya Membership Rewards, mpango wa pointi wa Amex, pointi zote zinafutika siku hiyohiyo, kwa hiyo zihamishe kabla hujapiga simu.