Hati Imetoka, Kamba Bado Iko Shingoni

Jumamosi iliyopita nilipeleka marobota mia mbili ya majani makavu kwenye uwanja wa mnada wa mifugo huku Colorado. Kazi yangu ni hiyo, lori na majani, kwa hiyo minada naijua na wauzaji wananijua. Nilipomaliza kushusha nikazunguka nyuma kunawa mikono, na huko nyuma, kwenye zizi la mwisho, alikuwapo farasi jike mwekundu amejibana kwenye kona. Matako ameyaelekeza kwa watu, masikio ameyalaza, jasho limemkauka mbavuni na kuacha mistari myeupe ya chumvi. Upande wa kushoto wa shingo ana chapa ya serikali. Na chini ya chapa, kamba. Kamba ile ya nambari.

Aliyewahi kuwa karibu na farasi mwitu wa nchi hii ameshaelewa kilichonipata. Farasi akikamatwa nyikani Nevada, Wyoming au Utah, anapitishwa kwenye kibano cha chuma, anadungwa chanjo, anapigwa chapa kwa chuma kilichogandishwa ndani ya naitrojeni, kisha anavishwa kamba yenye kibao cha nambari. Kamba hiyo haivuliki kwa mbali. Ili uikate, farasi lazima akukubali usimame begani mwake, unyanyue mkono, upitishe kisu kati ya kamba na ngozi yake. Farasi ambaye bado anayo ni farasi ambaye hajaguswa na mkono wa mtu tangu siku aliyobanwa kwenye vyuma vile.

Chapa hiyo huandikwa kwa alama za pembepembe badala ya tarakimu, nami nimejifunza kuzisoma. Huyu alizaliwa 2019. Nikamwuliza kijana anayefungua mageti kama karatasi zake zipo. Akasema zipo zote, hati ya umiliki imetoka, mwenyewe ni mmiliki halali. Serikali huwapa watu farasi hawa wawalee, na hati haitoki kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mtu amchukue farasi. Mwaka mzima! Masika, kiangazi, majira ya majani kuanguka na theluji, vyote vimepita juu ya mgongo wa mnyama huyu, na mtu aliyeapa kumlea hakuwahi kumfikia shingoni.

Alinunuliwa na bwana mwenye trela ndefu, ambaye kabla yake alikwisha kununua wengine kumi na mmoja bila kumkagua meno hata mmoja. Mnunuzi wa farasi wa kupanda hukagua meno na kunyanyua kwato. Marekani yenyewe haijawa na machinjio ya farasi tangu 2007, wanaonunuliwa kwa ajili ya nyama huvushwa mpaka kwenda Mexico au Canada. Sikumfuata yule bwana kumwuliza anawapeleka wapi. Nilikaa kwenye lori, injini nimeizima, machozi yananitoka.

Jioni nikampigia ami Lamu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako ina nini?"

Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Mwaka mzima hakumgusa? Basi chakula alikuwa akimpaje?"

Nikamwambia alikuwa akimtupia juu ya uzio.

"Kumtupia," akasema ami, na hakuongeza neno.

Sasa niseme langu, na nitalisema kwa urefu kwa sababu limenikaa kooni tangu siku hiyo. Hakuna farasi mwitu anayepaswa kukabidhiwa mtu kwa hati kabla kamba yake haijakatwa kwa mkono, huku amesimama mwenyewe na hajabanwa.

Sheria ya kuwalinda ilitiwa saini na Rais Nixon Desemba 1971. Nyuma yake alikuwapo Velma Johnston, karani wa ofisi kutoka Nevada, ambaye mwaka 1950 aliona damu ikichuruzika kutoka kwenye lori barabarani, akalifuata, akakuta limejaa farasi wanaopelekwa kuchinjwa. Alipigana miaka ishirini na moja. Watoto wa shule waliliandikia barua Bunge la nchi hii wakimwunga mkono. Wanyama waliopiganiwa hivyo ndio hawa tunaowakuta kwenye zizi la mwisho la mnada.

Lililotokea baadaye linajulikana. Mwaka 2019 Idara ya Usimamizi wa Ardhi, BLM, ilianzisha mpango wa kumlipa dola 1,000 kila anayechukua farasi au punda ambaye hajafundishwa: 500 ndani ya siku 60, na 500 nyingine baada ya hati kutoka. Ada ya kumchukua wakati huo ilianzia dola 25 (baadaye ikawa 125), na mtu mmoja aliruhusiwa wanyama wanne kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 2021 gazeti la New York Times lilichapisha habari za familia ambazo kila mtu alichukua wanne wake, wakawaweka mpaka hati ikatoka, kisha wakawapeleka mnadani. BLM ikakaza masharti, malipo yakawa ya mkupuo mmoja baada ya hati na ukaguzi ukaongezwa. Machi 2025 mahakama ya shirikisho hapa Colorado ikaufuta mpango wote, kwa kuwa ulianzishwa bila kufuata utaratibu wa kisheria. Wengi walishangilia. Mimi pia nilishangilia, na nilikosea kudhani mambo yamekwisha, kwa sababu kosa lenyewe halikuwa kwenye fedha. Kosa ni kumpa mtu mnyama ambaye hajui kwamba mkono wa binadamu unaweza kuwa kitu kingine zaidi ya maumivu, halafu kumhesabu kuwa amepata kwao. Waamerika hapa wanatumia neno lilelile wanalolitumia kwa mtoto yatima. Wanasema wamemwasili. Nani anamwasili mtoto akamwacha uani mwaka mzima bila kumshika?

Nieleze jinsi kamba inavyokatwa, maana nimeifanya mara tatu na ya kwanza sitaisahau.

Jirani yangu ni mzee aliyefundisha farasi mwitu maisha yake yote. Miaka minne iliyopita aliniita nimsaidie na jike la miaka mitatu kutoka Nevada. Zizi la duara, uzio wa futi 6, ambao ndio urefu wanaoutaka kwa farasi mzima ambaye hajatulizwa, kwa sababu futi 5 anaruka. Siku tatu za mwanzo hakunipa kamba wala hatamu. Alinipa kiti. "Kaa," akaniambia, "na usimtazame machoni." Nilikaa nikimenya karanga. Farasi ana macho pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia, kwa hiyo hata ukidhani hakuoni, amekuona. Siku ya tatu alikuja hatua kama tano kutoka kitini, akavuta harufu yangu kwa pumzi ndefu, akarudi zake.

Siku ya nne mzee akaanza kunifundisha kuondoka. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote na watu hawaliamini. Ujira wa farasi mwitu si chakula. Ujira wake ni wewe kurudi nyuma. Unamsogelea mpaka pale unapoona shingo inakaza, unasimama. Akikutazama tu, akigeuza sikio moja kwako, unageuka na kwenda zako. Unampa nafasi. Unarudi tena. Unaondoka tena. Saa nzima inapita hivyo na mtu asiyejua angesema hamfanyi kitu. Lakini farasi anajifunza jambo ambalo hakulijua siku ile helikopta ilipomfukuza mpaka mtegoni: kwamba kuna mtu anayesimama ukimwambia simama.

Baada ya hapo ukaja mwanzi. Fimbo ndefu ya mwanzi, kama mita tatu, nyepesi. Unamgusa nayo kabla ya mkono wako, kwenye kilele cha mabega, pale singa za shingo zinapoishia. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni kwamba farasi wenyewe wakipendana hukwangurana hapohapo kwa meno, na watafiti wamepima wakakuta mapigo ya moyo hushuka. Mwanzi ulipomgusa, ngozi yake ilitetemeka kama imetuliwa na inzi, weupe wa jicho ukatoka, akakimbia mizunguko miwili. Nikangoja. Nikagusa tena. Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi, lakini alisimama, akashusha kichwa mpaka karibu na magoti, akalamba midomo, akatafuna hewa. Mzee, aliyekuwa ameegemea uzio, akanong'ona: "Ondoka sasa. Mwache alifikirie."

Kila siku nikaukata mwanzi kipande kidogo kwa msumeno. Mita tatu zikawa mbili, zikawa moja, zikawa kipande cha shibiri. Siku ya kumi na tisa kilikuwa kiganja changu. Ana joto farasi, joto zaidi ya ulivyotazamia, na chini ya vumbi nywele zake ni laini. Siku ya ishirini na tatu nilikata kamba. Mahali ilipokuwa pamebaki mstari ambao nywele zimelala. Niliusugua taratibu na akauegemeza mwili wake wote kwangu, nusura aniangushe.

Mzee anazitundika kamba hizo kwenye misumari bandani kwake, zimejaza ubao mzima. Yangu ya kwanza iko huko.

Siku ishirini na tatu, mtu asiyejua kitu, saa mbili kwa siku baada ya kazi. Hicho ndicho kilichomshinda yule mwenye hati kwa mwaka.

Na usiniambie haiwezekani kwa wengi, maana inafanyika. Kwenye gereza la Cañon City hapahapa Colorado wafungwa walianza kuwafundisha farasi hawa 1986. Riverton kule Wyoming walianza 1988. Carson City, Nevada, wana mpango kama huo, mfungwa anakaa na farasi wake miezi ipatayo minne, kisha siku ya mnada anampanda mbele ya watu. Farasi ambaye hakuna aliyemtaka kwa dola 125 anashindaniwa kwa maelfu. Askari wa doria ya mpakani wanawapanda. Ni mnyama yuleyule, kutoka nyika ileile, kilichoongezeka ni subira ya mtu tu. Ulikuwapo pia utaratibu ambao taasisi ya Mustang Heritage Foundation iliuendesha, wa kuwalipa wakufunzi: farasi lazima akubali hatamu, aongozwe, anyanyue kwato zote nne, apande na kushuka kwenye trela, ndipo akabidhiwe mlezi. Masharti manne ya wazi, na kila moja linaweza kukaguliwa kwa macho. Zile dola 1,000 zingepelekwa hapo tangu mwanzo, kwa mkufunzi badala ya mchukuaji, jike yule wa Jumamosi angekuwa na mtu leo.

Ninajua watakalosema upande wa pili, na kwa shingo upande nakubali nusu yake. Farasi ni wengi. BLM inasema nyika inabeba kama 25,500, farasi na punda pamoja, na Machi 2024 walihesabiwa zaidi ya 73,000. Wengine zaidi ya 60,000 wako mazizini na malishoni kwa gharama ya serikali, zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Wakiachwa wanaongezeka maradufu ndani ya miaka minne au mitano. Nimeona farasi wa kiangazi cha ukame mbavu nje na sitaki kuona tena. Haya yote ni kweli. Lakini haraka ya kuwatoa mazizini imetuletea mazizi mengine, ya watu binafsi, ambako hakuna anayehesabu. Kuhusu ng'ombe wanaolishwa kwenye ardhi hiyohiyo, nitaandika siku yake. Chanjo ya kuzuia mimba inayopigwa kwa mshale iongezwe, sina ubishi.

Wasomaji wa nyumbani huniuliza farasi wa Wamarekani wanatuhusu nini. Kati ya wanyama hao kuna maelfu ya punda mwitu wa Arizona na California, na punda wote wa dunia asili yao ni Afrika, upande wetu huu na Pembe. Wanakamatwa hivyohivyo, wanavishwa kamba ileile. Tena wao wanateseka kimyakimya, kwa sababu punda akiogopa sana hakimbii, anaganda, na mtu mjinga anadhani ametulia.

Sisi tunayo methali, asante ya punda ni mateke. Naipinga tangu utotoni. Babu yangu alibebesha punda mchanga na mawe ya kujengea Lamu miaka arobaini na sikumwona akipigwa teke. Kila alfajiri kabla ya kuweka shogi alimwendea punda kwa begani, akamkwangura pale juu ya mabega kwa kucha zake, akangoja mpaka mdomo wa chini ulegee. Hakuwahi kuona farasi mwitu, hakujua Nevada iko wapi. Punda wake alimwona akija, ndiyo maana hakumpiga teke. Kliniki ya punda ya Lamu imekuwapo tangu 1987 na inafanya kazi nzuri ya vidonda na minyoo, lakini huo mkwanguro wa alfajiri hauandikwi kwenye cheti cha dawa.

Nimemwandikia mbunge wangu wa hapa, ukurasa mmoja, na jambo moja tu: hati isitolewe mpaka daktari wa mifugo aandike kwamba alimkuta farasi hana kamba na akamshika shingoni mwenyewe. Nambari ya yule jike niliiandika nyuma ya risiti ya majani, nimeiweka ndani ya barua.

Mwezi ujao mzee anapokea dume wa miaka minne kutoka Wyoming. Nitakuwa zizini kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni. Mswahili yeyote aliye karibu na Denver akitaka kuja kukaa kitini siku tatu za mwanzo, aniandikie. Aje na koti, upepo ni mkali, na simu aiache garini.