Kabla ya Kupeleka Bakapu Kwenye Wingu, Piga Hesabu ya Kuirudisha

Siku hizi kila ofisi ya Tabora yenye kompyuta zaidi ya mbili inapewa ushauri uleule: peleka bakapu, yaani nakala za akiba za data zako, kwenye wingu (kompyuta za kampuni ya mbali unazozifikia kwa intaneti), ulale usingizi. Nusu yake naukubali. Radi za msimu wa mvua haziulizi seva ni ya nani, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na diski ya nje iliyofungiwa kabati moja na kompyuta itabebwa na mwizi yuleyule. Nakala moja lazima ikae mbali na mji huu. Usingizi ndio ninaoukataa.

Muuzaji hukutajia bei ya kuweka, na bei ya kuweka kweli ni ndogo. Mimi ningetaka mwenye ofisi aulize kwanza: siku seva ikifa, data itarudi kwa njia gani, kwa muda gani, na kwa shilingi ngapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua ununue huduma ipi na uipange vipi.

Chukua AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya tumbaku kule Urambo au Sikonge. Daftari la wakulima, mikopo ya mbolea, uzito wa kila robota: yote hayo hayazidi gigabaiti chache. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde yanarudi kabla ya chakula cha mchana. Sasa chukua hospitali yenye picha za eksirei na ultrasaundi zinazofikia terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja. Kwa laini hiyohiyo, isipokatika hata mara moja, kuzishusha ni siku tisa na ushei, usiku na mchana. Na laini ya huku itakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Hospitali ambayo nakala yake pekee ingekuwa ng'ambo ingefanya nini wiki ile?

Ndiyo maana wingu kwangu ni nakala ya tatu. Ile kanuni ya zamani ya nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja iwe mbali, bado ina akili. Ofisi iko Kanyenye, diski ya pili ilale Ipuli kwa mhasibu, na ya wingu ibaki kwa siku ambayo hizo mbili zimeshindikana.

Kuhusu fedha, hifadhi nyingi za wingu ni kama ghala linalopokea mzigo bure na kutoza mlangoni wakati wa kuutoa. Kwa bei iliyotangazwa na Amazon kwa maeneo yake makubwa ya Marekani, kuweka terabaiti moja kwenye S3, huduma yao ya hifadhi, ya daraja la kawaida ni kama dola 23 kwa mwezi. Kuitoa yote kwa mkupuo, ukiondoa gigabaiti 100 za kwanza ambazo ni bure kila mwezi, ni kama dola 81. Cape Town, walikofungua kituo mwaka 2020, ni karibu zaidi nasi lakini bei iko juu. Backblaze, kampuni nyingine ya hifadhi, walipopandisha bei yao hadi dola 6 kwa terabaiti mwezi Oktoba 2023, waliruhusu kutoa bure hadi mara tatu ya ulichoweka. Kwa ofisi ndogo naona hesabu hiyo inaeleweka zaidi, hata kama vituo vyao viko mbali.

Kuna na ule mtego wa bei ya chini kabisa, Glacier Deep Archive ya Amazon, kama dola moja kwa terabaiti kwa mwezi. Data zikishaingia humo, kuziamsha kwa kawaida ni hadi saa 12, kwa njia ya bei nafuu hadi 48, na hapo hujaanza kushusha hata faili moja. Ukifuta kabla ya siku 180, siku zilizobaki unazilipia tu. Kwa hesabu za miaka kumi iliyopita ni sawa. Kwa daftari la wakulima katikati ya msimu wa masoko ya tumbaku, hapana.

Jambo jingine, hifadhi ya obijekti, aina inayotumiwa na huduma hizi, si diski ya kawaida iliyosogezwa mbali. Kipande kikishapanda hukirekebishi mstari mmoja. Unakiandika upya chote. Basi usiiweke humo hifadhidata ya mfumo wa uhasibu inayofanya kazi. Tumia programu kama restic au Veeam, inayokata data vipande na, baada ya mzigo wa kwanza, kupeleka vilivyobadilika tu. Mzigo huo wa kwanza upande usiku, mwendo ukiwa umepunguzwa, la sivyo ofisi nzima itamlalamikia fundi.

Na tafadhali, folda ya Google Drive inayojilinganisha na kompyuta si bakapu. Virusi vya kudai fidia vikifunga mafaili, Drive inaweza kupandisha kwa bidii yale yaliyofungwa. Unachohitaji ni kufuli ya obijekti, mpangilio unaozuia nakala kufutwa au kubadilishwa kwa muda uliouweka, ambao Amazon waliuleta Novemba 2018 na wengine wakafuata: katika hali yake kali, hata mwenye akaunti hawezi kufuta hadi muda uishe. Anza na siku 30. Ukiandika miaka kumi kwa pupa, utailipia miaka kumi.

Akaunti iwe ya taasisi, si barua pepe ya fundi. Nasema hivi nikiwa fundi. Data za wagonjwa na wanachama zifichwe kwa nenosiri kabla hazijatoka nje ya nchi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu usafirishaji huo. Lakini nenosiri la restic likipotea, hakuna ofisi ya kulidai popote duniani. Liandikwe kwenye karatasi, bahasha mbili, moja kwa mwenyekiti, moja kwenye sefu.

Kila mwezi rudisheni faili moja kwenye kompyuta nyingine. Mara moja kwa mwaka, kabla masoko hayajafunguliwa, rudisheni zote huku mtu ameshika saa, na muda pamoja na gharama viingie kwenye muhtasari wa kikao cha bodi.