Eti Haitoki Kwenye Mtihani

Kijana wa jirani yangu hapa Ngarenaro, Arusha, yuko kidato cha kwanza, alipeleka swali twisheni: idadi ya Watanzania kwenye sensa ya 2022, watu 61,741,120, inagawanyika kwa namba tasa zipi (zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe)? Mwalimu akamjibu, "Hiyo haitoki kwenye mtihani." Darasa likacheka. Dogo akarudi nyumbani amenywea.

Haitoki! Kumbe tunalipa hela ya twisheni ili mtoto afundishwe kutouliza?

Haya, darasa lenyewe limejaa hadi dirishani na mwalimu ana mada za kumaliza. Nakubali, kwa shingo upande. Ila swali lile lilitaka dakika tano na kipande cha chaki.

Tazama. 7 mara 11 mara 13 ni 1,001, yaani elfu na moja juu. Kwa hiyo namba ikiwa ndefu, ikate tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu; jibu likigawanyika kwa 7, 11 au 13, namba nzima nayo inagawanyika. Hapa tuna 120, 741 na 61. Chukua 120, toa 741, jumlisha 61: unapata hasi 560. Na 560 ni 7 mara 80. Basi idadi yetu yote inagawanyika kwa 7 bila baki. Kwa 11 haigawanyiki, kwa 13 vilevile, maana hata hiyo 560 haigawanyiki. Umepima namba tasa tatu kwa mkupuo na kikokotoo hujakigusa (nasema cha mkononi, kile cha mafao ya wastaafu kina wenyewe).

Endelea kuimenya. Mbili zinatoka sita, 5 moja, 7 moja, inabaki 27,563. Hapo ndipo penye jasho: 17 inaacha baki, 19 inaacha baki, 23, 29, 31, 37, 41, zote hola, hadi ufike 43. Mwisho kabisa inabaki 641, nayo ni tasa.

641, jamani! Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kwamba inagawanyika, na kigawo chenyewe ni 641. Leo kigawo hichohicho kimo ndani ya idadi ya Watanzania. Ni bahati tu, hakuna siri yoyote, na nyie wa mikeka ya kubeti msinitafute. Lakini ungemsimulia mtoto hilo ubaoni, nani angecheka?

Mkoa wetu wa Arusha ulikuwa na watu 2,356,255. Fanya 255 toa 356 jumlisha 2: hasi 99. Kumi na moja hiyo imeingia. Watani zangu wa Moshi, Kilimanjaro yenu ya 1,861,934 inatoa 74, haishiki hata moja kati ya zile tatu. Msinune.

Sensa ya 2012 ilitoa 44,928,923. Ukitoa na kujumlisha utapata 39. Kinachofuata malizieni wenyewe.