Jua la Dar Lilivyonipoteza Angani Poland

Kwanza kabisa: sikuanguka. Narudia kwa herufi kubwa, wadau: SIKUANGUKA. Glaida haina injini, na kila anayeirusha anajua iko siku atashukia shambani kwa mtu. Ndiyo maana tunafundishwa kuchagua shamba kabla hatujaruhusiwa kwenda mbali na uwanja. Kwa hiyo yule jamaa yangu wa Tanga, aliyetupa sauti kwenye kundi akisema "mwenzetu kaangusha ndege kwenye viazi, kamuuliza bibi wa watu kama hapa ni Urusi", amedanganya mara mbili. Hayakuwa viazi. Na Urusi sikuitaja. Nilichouliza kilikuwa kibaya kuliko hicho, ila tulieni, tutafika.

Kwa mliojiunga juzi: niko kaskazini mwa Poland, upande wa Grudziądz, na nilikuwa nawinda kipande cha mwisho cha nishani ya fedha ya marubani wa glaida. Nishani hiyo inadai mambo matatu: ukae hewani saa 5, upande mita 1,000, na usafiri kilomita 50. Viwili ninavyo. Zilibaki kilomita 50, na kanuni inataka uzisafiri bila kusaidiwa njia kwenye redio wala kuongozwa na rubani mwenzako. Hilo la redio lishikeni.

Njia yenyewe haina fumbo. Unatoka Grudziądz unakwenda mashariki hadi Iława, mji ulioketi kwenye ncha ya kusini ya ziwa Jeziorak. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 27, hata asiyevaa miwani analiona. Ukilipita unaendelea mpaka Ostróda, ambako barabara kuu ya S7 inapita. Ndege yangu ilikuwa Junior, glaida ya Kipoland ya mtu mmoja, mabawa mita 15. Nilivutwa na ndege yenye injini, nikaachia kamba mita 600, nikapata termali nzuri, yaani hewa ya joto inayopanda, nikapanda hadi 1,400. Mawingu ya pamba, upepo wa magharibi wa kilomita 20 kwa saa ukinisukuma mgongoni. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Karibu na Iława nikaona kitu kwenye simu. Kile kidege cha kwenye ramani ya XCSoar, programu ya kuongozea glaida, kimesimama. Mimi naenda, mashamba yanapita chini yangu, kidege kimeganda juu ya msitu nilioupita zamani. Halafu ukatokea ujumbe kwamba programu inasubiri satelaiti. Nikasema haya, subiri. Nikatupa jicho kwenye kinasa safari: taa ya satelaiti imezimika. Nikatazama FLARM, ile ya kuonya glaida zisigongane: nayo haina mahali. Vifaa vitatu, antena tatu mbalimbali, vyote vipofu kwa pamoja. Hapo hakuna waya uliochomoka. Hapo ni ishara yenyewe imevurugwa.

Huku si ajabu. Tangu mwisho wa 2023 anga ya Baltiki na kaskazini mwa Poland imekuwa ikisumbuliwa hivi. Mwaka 2024 Finnair ilisitisha safari za Tartu, Estonia, kuanzia Aprili 29 hadi mwisho wa Mei kwa sababu hiyo hiyo. Satelaiti za GPS ziko juu yetu kilomita 20,200, na ishara yao ikifika huku chini ni dhaifu mno. Mtambo wa redio unaopiga kelele kwenye megahezi 1575.42 unaimeza yote. Na kadiri unavyopanda ndivyo mtambo huo unavyokuona: ukiwa mita 1,200, redio iliyo umbali wa kilomita 140 hivi haina kilima cha kuizuia. Aliyesimama shambani simu yake inafanya kazi vizuri kabisa. Kumbukeni na hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Sasa, GPS ikifa glaida haifi. Kipima mwendo, altimita ya kupima kimo na variometa ya kawaida, ile inayoonyesha unapanda au unashuka, vinakula hewa tu, havijui satelaiti ni nini. Ule uzi mwekundu kwenye kioo unaendelea kukuambia kama unaruka upande upande. Kinachokufa ni hesabu: huna mwendo wa ardhini, huna upepo, huna mtu wa kukuambia utafika uwanjani ukiwa na mita ngapi. Unarudi kwenye ramani ya karatasi ya 1:500,000, ambayo sentimita 1 ni kilomita 5. Vitabu vinasema Junior hutembea mita 35 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Mimi hutumia 20, kwa sababu vitabu haviruki kwenye hewa inayozama. Kwa hiyo sentimita 1 inakula mita 250. Nilikuwa na 1,400. Toa 300 za mzunguko wa kutua, zinabaki 1,100, yaani kilomita 22. Mwanafunzi bora. Mwalimu wangu angelia machozi ya furaha.

Ila kwanza nipande. Mbele yangu kulikuwa na korongo weupe wanazunguka, na korongo wakizunguka usiulize, ingia. Nikaingia nao. Mita 2 kwa sekunde, tukapanda pamoja, mmoja akanigeuzia shingo akanitazama vizuri. Ilikuwa Agosti, wanajikusanya kuondoka. Hao wanakatiza Bosporasi, Sinai na bonde la Naili, na wengine wanafika mpaka Serengeti, bila betri, bila antena, bila kifurushi cha data. Wakamaliza kupanda, wakajipanga, wakaenda zao kusini mashariki bila kugeuka nyuma. Nikabaki mimi, Mtanzania mwenzao, sijui mashariki ni wapi.

Maana ukizunguka termali dakika kumi kichwa kinachanganyikiwa, na maziwa ya huku yako mengi na yote yanafanana. Dawa yake ni dira. Unanyoosha mabawa, unashika mwendo usibadilike, unasubiri dira itulie, kwa sababu kwenye kona inadanganya. Nikafanya hivyo. Ikatulia. Nikageuza ndege kidogo kwenda kulia ili nihakikishe. Dira haikujali. Nikageuza kushoto. Haikujali. Ilikuwa inatazama kishikio cha simu kwa mapenzi yote.

Kishikio cha sumaku, ndugu zangu. Si changu, nilikikuta humo, kimebandikwa na mwungwana fulani wa klabu, kiganja kimoja kutoka kwenye dira. GPS ikiwa nzima hakuna anayeitazama dira, kwa hiyo hakuna aliyejua. Nikakibandua, nikakitia mfukoni pamoja na simu. Mfuko wenyewe uko kifuani. Dira ikageuka, ikaanza kunitazama mimi.

(Wewe unayecheka huko Sharjah, subiri, bado.)

Redio ipo, sauti ya uwanjani naisikia kabisa, lakini nikiuliza njia kilomita 50 zimekwenda na maji. Ndipo nikakumbuka jua. Saa saba mchana, jua liko wazi, babu zetu walisafiri nalo. Sasa nisikilizeni taratibu, maana hapa ndipo penyewe.

Mimi nimekulia Dar. Dar, mwezi wa Agosti, saa saba mchana, jua liko upande wa kaskazini. Nimelichezea mpira, nimeanulia nguo, naijua ile kona ya nyumba inayopata kivuli. Kwa hiyo bila kufikiri nikasema: jua kaskazini, nataka mashariki, basi jua nililaze kushoto. Nikalilaza kushoto. Nikatengemaa. Nikajisifu kwa sauti, peke yangu, ndani ya glaida.

Poland, jua la saa saba mchana liko kusini. Agosti, Januari, siku yoyote ya mwaka.

Nikawa narudi nilikotoka.

Dalili zilikuwepo, sikatai. Ndege ilikuwa inatambaa, nami nikasema mbona upepo umegeuka ghafla. Kila nilipookota termali nikitoka nalitafuta jua, nalirudisha kushoto kwa nidhamu ya hali ya juu. Nikaona ziwa nikaliita Drwęckie, lile la Ostróda. Nikaona barabara nikaiita S7. Ilikuwa barabara nyembamba, ina trekta moja, nikasema leo S7 haina foleni.

Mita 600 juu ya ardhi nikaanza kutafuta mashamba. Huo ndio utaratibu, iwe umepotea au hujapotea. Mita 450 nilikuwa nimeshachagua: shamba la ngano lililokwishavunwa, mabua mafupi, urefu zaidi ya mita 300, halina mteremko, halina nyaya za umeme upande wa kuingilia. Mahindi hapana, ni marefu na yatakupindua. Penye ng'ombe hapana, wanakuja kulamba ndege. Moshi wa mahali fulani ulinionyesha upepo. Yote sawasawa. Nikainua macho mara ya mwisho kuangalia mbele.

Nikaona mto.

Si kijito. Mto mpana, unang'aa toka huku hadi kule, na daraja refu juu yake. Nikautazama. Nikaitazama ramani iliyokunjwa pajani, upande wa Ostróda. Hakuna mto wa namna hiyo. Nikautazama tena mto, labda umeondoka. Haukuondoka. Nikajiuliza, kwa utulivu ambao hadi leo siuelewi, tangu lini Ostróda ina Wisła, mto wa kwetu Grudziądz. Ubongo ukakataa kunijibu. Nadhani ulikuwa unajua, ila ulinionea haya.

Mita 300. Hapo mjadala unafungwa, hapo unatua ulikochagua hata ukiona Ikulu mbele yako. Nikaingia upande wa upepo, mikanda imekaza. Kona ya kwanza. Kona ya pili, mita 120, kilomita 90 kwa saa, breki za hewa nusu, uzi mwekundu katikati. Kutua kuzuri kuliko kote nilikowahi kutua, na mashahidi wake ni kunguru.

Ndipo, mita kama 60 kutoka ardhini, vilima vikatukinga na ule mtambo, na dunia nzima ya satelaiti ikarudi. FLARM ikalia pii. Taa ya kinasa safari ikawaka. Simu, kutoka mfukoni kifuani, ikatoa ile sauti ya kengele iliyochangamka sana. Siwezi kuigusa, mkono mmoja usukani, mwingine breki. Gurudumu likagusa, mabua yakapiga tumbo la ndege karararara, bawa likalala polepole. Kimya. Nikaitoa simu. Umbali wa kufika uwanja wa nyumbani: kilomita 6.2.

Sasa la bibi. Bibi wa shamba alikuja na baiskeli kabla sijafungua mikanda yote. Kipoland changu ni cha dukani, na nilikuwa na mshtuko, na ilipasa kwanza nisalimie. Badala ya kusalimia nikamwuliza, "Mama, hapa ni wapi?" Bibi akanitazama, akaitazama ndege, akanitazama tena mimi, kisha akanijibu taratibu, kwa huruma, kama anavyojibiwa mgonjwa: "Poland."

Hilo ndilo swali. Hakuna Urusi humo.

Yaliyobaki hayana maana. Alinipa kompoti ya matunda na maandazi yao ya nyama, mumewe akaniruhusu kuingiza trela mradi tupite pembeni ya mabua. Yule wa Tanga alikuwa amejiandaa kunifuata Ostróda, ametia mafuta tangi zima na kubeba chupa ya chai. Alifika na trela dakika kumi na tano baada ya simu yangu, chai haijapoa. Alicheka mpaka akakaa chini. Tukavua mabawa, tukavua mkia, tukafunga.

Na faili la safari nililifungua usiku, nikiwa bado na tamaa. Kila mstari wenye herufi B mwanzoni unabeba saa, mahali, na herufi moja: A kama satelaiti zimetosha, V kama hazikutosha. Mwanzo A, A, A. Kuanzia karibu na Iława, V tupu, kimo cha shinikizo la hewa tu ndicho kinapanda na kushuka, mahali pamegandia msituni. Halafu A chache za mwisho, safi kabisa, katikati ya shamba la bibi. Msimamizi wa nishani alilisoma, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nafanya mazoezi ya kwenda na kurudi.

Kishikio cha sumaku kimeondolewa, sasa kuna cha plastiki cha kung'ata. Nyuma ya dira nimebandika karatasi yenye maneno mawili, JUA KUSINI, na kila anayekaa kwenye ile Junior anauliza ni ya nini, na yule wa Tanga kila mara yuko karibu kueleza. Chakula cha jioni cha waliokuja kukuchukua, kwa desturi, analipa aliyetua shambani. Aliagiza sahani tatu, akasema ni posho ya safari ya Ostróda.